Kinga Hufungwa Nyumbani

Gari la kwenda Ziwa Natron, kwenye njia ya mawe, huandaliwa likiwa bado uani. Fundi hulala chini yake, akafunga bamba la chuma chini ya injini, boliti kwa boliti. Bamba hilo haliongezi mwendo. Haliongezi urembo. Hakuna mpita njia atakayelisifu. Lakini jiwe likija, hugonga chuma. Sampo, bakuli la oili ya injini, hubaki nzima, oili haimwagiki, safari inaendelea.

Ndivyo ulivyo uaminifu kati yetu. Siku ya lami hauonekani. Siku ya mawe ndio unaotubeba. Na siku ya mawe si siku ya kuanza kuufunga. Basi leo kazini, mambo yakiwa shwari, malizana na mwenzako lile dogo mlilolipuuza. Mpatane leo, maana kesho mtahitajiana.