Betri ya Sola Ikifa

Wajukuu zangu, nyinyi mnaofunga sola na nyinyi mnaonunua skrepa, nisikilizeni kidogo. Sina ugomvi na sola. Sisi tuliosoma kwa kibatari tuliamka na masizi puani, kwa hiyo serikali ikisema mafuta ya taa yaachwe, naitikia kabla ya wengine. Neno langu ni juu ya ile betri nzito ya maji, siku inapokufa.

Zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi. Nanyi mnaipasua kwa shoka uani, maji yake mnayamwaga mchangani, sahani mnaziyeyusha kwenye sufuria mkawauzie wavuvi chubwi. Mtoto anatambaa papo hapo. Akilamba vidole, tumbo lake hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya la mtu mzima, ikapanda ubongoni, ikajificha mifupani. Pengine hatalia wala kupata homa. Mtamwona darasani hashiki kitu, mseme mvivu, mumchape. Dawa ya kuipunguza damuni ipo. Ya kurudisha ubongo haipo.

Msiniambie hayo ni ya viwandani tu. Ndiyo, Owino Uhuru hapa Mombasa palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri. Phyllis Omido alifanya kazi pale, na mwanawe mchanga akapimwa, akakutwa na sumu hiyo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ikapanda rufaa, hadi Mahakama ya Juu ilipoamua Desemba 2024. Watoto wa mwanzo wameshaota ndevu. Lakini Thiaroye-sur-Mer, kwa wavuvi wa karibu na Dakar, hapakuhitaji kiwanda. Watu walichekecha mchanga uliojaa mabaki ya betri, wakaubeba hadi majumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18.

Basi betri ikifa isipasuliwe. Irudisheni nzima, wima, kwa duka lililowauzia; fundi aandike hilo kwenye risiti siku ya kufunga. Shati la kazi libaki nje, na usimpakate mtoto kabla hujaoga. Mwenye uwezo anunue ya lithiamu, haina risasi, ingawa nayo ukiitoboa itakuunguza.

Na yule anayepita jioni na mizani, mwulizeni betri anazipeleka wapi. Akianza kuzungukazunguka, msimwuzie, hata akiongeza bei.