Kiboko Mkononi mwa Asiyekitaka

Tarehe 8 Desemba 1869 mwandishi Leopold von Sacher-Masoch alitia saini mkataba wa kuwa mtumwa wa mwanamke aitwaye Fanny Pistor. Alikuwa na miaka 33. Baba yake alikuwa mkuu wa polisi wa Lemberg, mji ambao leo ni Lviv nchini Ukraine na wakati ule ulikuwa chini ya dola ya Austria. Yeye mwenyewe alikuwa msomi aliyefundisha historia katika Chuo Kikuu cha Graz. Hakuna aliyemlazimisha kusaini, ndiye aliyetaka.

Masharti ya mkataba ule yanashangaza kwa utulivu wake. Utumwa ungedumu miezi sita. Ndani ya muda huo bwana huyu angetii kila amri ya bibi yake na kupokea adhabu yoyote, lakini bibi hakuruhusiwa kumtaka afanye jambo la kumvunjia heshima kama mwanamume na kama raia. Kila siku alitakiwa kumwachia saa sita za kuandika, na barua zake na maandishi yake asiyaguse. Bibi naye aliahidi kuvaa makoti ya manyoya kila inapowezekana, hasa anapokuwa mkali. Miezi sita ikiisha, wote wawili wangeyahesabu yote kama hayakutokea.

Walisafiri hadi Italia, mwanamume akiwa amevaa sare ya mtumishi, ameitwa Gregor, amepanda behewa la daraja la tatu. Mambo yakaisha, kila mmoja akashika njia yake. Mwaka 1870 ikatoka riwaya mashuhuri ya Sacher-Masoch kuhusu mwanamke wa manyoya na mwanamume anayejifanya mtumwa wake, na jina lake likavuma Ulaya.

Msomaji wa pwani ana haki ya kukunja uso anapoona utumwa unafanywa mchezo. Mwaka ule wa 1869 soko la watumwa la Unguja, pale Mkunazini, lilikuwa bado linafanya kazi. Lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Aliyesimamishwa sokoni pale hakupewa miezi sita, hakuachiwa saa sita za shughuli zake, wala hakuulizwa ni lipi litamvunjia heshima. Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Mchezo wa kutawala na kutawaliwa kati ya wapenzi ni mchezo pale tu ambapo kila mmoja anaweza kuuacha. Ukiondoa uwezo huo, kinachobaki ni kile kile kilichofanyika Mkunazini, hata kama pana mapenzi na makoti ya thamani.

Sacher-Masoch alilijua hilo mwaka 1869, au angalau mkataba wake ulilijua. Kisa chake kinageuka kuwa funzo pale alipooa.

Huko Graz aliishi msichana maskini, Aurora Rümelin, aliyezaliwa mwaka 1845, yeye na mama yake wakiishi kwa kushona. Barua za mwandishi huyo zikamfikia. Aurora akajibu kwa jina la Wanda, jina la mwanamke wa kwenye riwaya, na mwanamume akaamini kwamba aliyemwandika kitabuni amemjia akiwa hai. Walioana mwaka 1873. Wanda akabaki na jina hilo la kubuni maisha yake yote, hata kwenye vitabu alivyoandika yeye mwenyewe.

Upo mkataba wa pili, wa mwandishi huyu na Wanda, na ukiulinganisha na ule wa kwanza utaona jambo limeharibikia wapi. Huu hauna miezi sita. Hauna saa za kazi, hauna siri ya barua, hauna heshima iliyolindwa. Mtumwa anajitoa mwili na roho, na mkataba unasema kwamba akiona minyororo imemzidi, hatafunguliwa: njia pekee ya kutoka ni kujiua. Mkataba wa kwanza ulikuwa na mlango. Huu ulijengewa ukuta.

Mtu akisoma haraka atadhani mwenye hatari hapo ni mwanamume. Wanda, katika kumbukumbu za maisha yake zilizochapishwa mwaka 1906, anasimulia vingine kabisa. Anasema alichoshwa na wanawake wakatili wa manyoya waliojirudia katika kila hadithi ya mumewe, akamsihi awaache. Mume akakubali kwa sharti: wakitoka vitabuni, mke awe ndiye huyo nyumbani. Basi Wanda akavaa koti na kushika mjeledi, si kwa sababu alipenda, bali kwa sababu nyumba ililishwa na kalamu ya mumewe na kalamu hiyo, aliambiwa, haiandiki bila hayo. Kisha likaja dai zito zaidi. Mume alitaka mke awe na mwanamume mwingine, na yeye ateseke kwa wivu. Wanda alikataa. Akaombwa tena. Alikuwa na watoto wadogo, alihofia jina lake na maisha yao, na bado, kwa maelezo yake, mumewe aliendelea kumsukuma kwa miaka, hadi kutafuta wanaume kwa matangazo ya gazeti.

Hebu tumtazame mwanamke huyu. Anaitwa bibi, anaitwa malkia, anapigiwa magoti, na hana ruhusa ya kukataa kuwa malkia. Amevikwa kilemba cha ukoka. Aliyejiita mtumwa ndiye anayechagua vazi, saa, adhabu na hata mwanamume wa tatu. Mapigo yanatoka mkononi mwa mke na amri inatoka kinywani mwa mume.

Ni haki kueleza kwamba maelezo haya yamepingwa. Mwaka ule ule wa 1906 Carl Felix von Schlichtegroll, aliyewahi kuwa katibu wa Sacher-Masoch, alitoa kitabu cha kumtetea marehemu na kumshutumu Wanda kwa uongo na tamaa. Mwamba ngoma huvutia kwake, na sisi hatukuwamo chumbani mwao. Lakini hata ukipunguza nusu ya aliyoyasema Wanda, inabaki picha ya mwanamke aliyeombwa jambo moja mara nyingi mno baada ya kusema hapana. Ndoa ilivunjika kwa talaka mwaka 1886. Miaka minne baadaye daktari Richard von Krafft-Ebing alilichukua jina la mwandishi huyu, akiwa bado hai, na kulifanya jina la maradhi. Sacher-Masoch alifariki mwaka 1895.

Mimi sikubaliani na wanaosema kosa lilikuwa koti. Sacher-Masoch mwenyewe alisimulia kwamba akiwa mtoto alijificha kati ya nguo za jamaa yake mmoja, bibi wa ukoo wa kifahari aliyependa jaketi la manyoya, akashuhudia ugomvi wa kimapenzi, akafumaniwa na kuchapwa. Vazi likamkaa moyoni tangu hapo. Watu hukua na mambo ya aina hiyo, wengine kwa ngozi, wengine kwa mpira, wengine kwa viatu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeondoa kupenda vazi na michezo ya maumivu ya hiari kutoka kwenye magonjwa. Vazi halimdhuru mtu. Anayedhuru ni yule anayeweka vazi mbele ya mtu anayelivaa.

Wanaoishi mahusiano ya aina hii leo wamejifunza kutokana na makosa kama hayo. Huko New York chama chao kiitwacho Eulenspiegel kilianzishwa mwaka 1971, na mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika mji huo huo, ikatungwa kanuni inayotaka mchezo uwe salama, uwe wa akili timamu na uwe wa hiari. Watu hukaa chini kabla, wakiwa wamevaa nguo zao za kawaida, wakaambiana lipi wanalitaka, lipi labda, lipi kamwe. Huchagua neno la kusimamisha, lisilofanana na maneno ya mchezo, na likitamkwa kila kitu kinakoma hapo hapo bila kuulizana sababu. Aliyefungwa haachwi peke yake. Mchezo ukiisha hukaa pamoja, hunywa maji, huulizana hali. Na jambo ambalo wengi husahau: neno hilo ni la wote wawili. Aliyeshika mjeledi naye anaweza kulitamka. Wanda hakuwahi kuwa nalo.

Hiari nayo ina mipaka, na sheria imeiweka. Mwaka 1993 Baraza la Malordi la Uingereza, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, liliamua kwamba ridhaa si utetezi kwa aliyemjeruhi mwenzake katika michezo hiyo, na mwaka 1997 mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya haikuupinga msimamo huo. Mwaka 2021 Uingereza ikaandika katika sheria ya ukatili wa majumbani kwamba mtu hawezi kujitetea kwa kusema aliyeumia vibaya aliridhia kwa ajili ya starehe. Sheria hiyo ilifuata kilio cha familia zilizozika mabinti, kisha zikakaa mahakamani kusikia kwamba marehemu alipenda kukabwa. Shingo ya mtu haina njia salama ya kukabwa. Ubongo ukikosa damu, madhara huja kwa sekunde na neno la kusimamisha halitamkiki.

Kwa hiyo wewe unayemwomba mwenzio jambo la aina hii, omba mara moja, kwa uwazi, mchana, mkiwa mmetulia. Akisema hapana, umejibiwa. Usilete hoja ya kwamba ndiye anayelishwa, usimkumbushe kodi ya nyumba, usimwambie mapenzi ya kweli yangekubali. Akisema ndiyo leo, muulize tena kesho. Na wewe uliyeombwa, hata kama umepewa cheo cha kutawala, cheo hicho unaweza kukirudisha siku yoyote bila kumlipa mtu fidia. Ukiona unalazimishwa, au umeumizwa ulipokwisha kusema basi, hilo ni shambulio, hata akiwa mumeo, mkeo au mchumba. Nenda hospitali kwanza, kisha dawati la jinsia kwenye kituo cha polisi kilicho karibu nawe, na uende na mtu unayemwamini.