Shahidi wa Chini ya Ngazi

Kiangazi cha mwaka 1492, tarishi wa mahakama kuu ya Grenoble, kusini-mashariki mwa Ufaransa, alifika chini ya jabali la Mont Aiguille. Aliitwa Yves Lévy. Alitumwa kuthibitisha habari ambayo yeyote angekuwa na haki ya kuitilia shaka: kwamba kuna watu juu ya mlima uliojulikana tangu kale kuwa haupandiki. Ngazi walizopandia aliziona kwa macho yake. Kupanda akakataa, na sababu hakuificha: hatari ilikuwa kubwa mno, naye aliogopa kuonekana anamjaribu Mungu.

Wanaosimulia habari za milima humpita tarishi huyu upesi, wengine kwa kicheko. Mimi namheshimu sana.

Hofu yake ilikuwa na msingi. Mont Aiguille umesimama peke yake, mita 2,085 hivi juu ya usawa wa bahari, umezungukwa na magenge yanayokaribia kusimama wima kwa mita 300. Juu yake kuna uwanda wa majani. Chokaa yake ngumu ilijengeka zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, chini ya bahari ya joto isiyo na kina, kwa makombe na mabaki ya viumbe wa majini. Mtu wa Lamu au Zanzibar aliyezoea kuta za mawe ya matumbawe hatashangaa kwamba bahari inaweza kuzaa jiwe. Chini ya chokaa hiyo kuna tabaka laini lenye udongo mwingi wa mfinyanzi. Maji yakilimomonya tabaka hilo, mwamba wa juu hukosa pa kukalia, hupasuka na kuporomoka kwa mapande, na genge hubaki wima. Hivyo ndivyo jabali lilivyotengwa polepole na nyanda za juu za Vercors, ambazo zamani lilikuwa sehemu yake.

Mfalme Charles wa Nane ndiye aliyeamuru lipandwe. Kazi hiyo akampa Antoine de Ville, mtumishi wake wa karibu, ambaye alichukua watu wa ngazi, mwashi, seremala na watu wa dini. Tarehe 26 Juni 1492 walifika juu. Wakasimamisha misalaba, wakasali, wakakaa siku kadhaa. De Ville akaandika kwamba amekuta malisho mapana yanayohitaji watu arobaini au zaidi kuyafyeka, na mbuzi-mwitu wa milimani pamoja na watoto wao. Njia yenyewe aliieleza kuwa ya kutisha, na mbaya zaidi wakati wa kushuka.

Lakini kinachonigusa zaidi ni ombi lake. Aliiandikia mahakama itume watu waje waone. Alikuwa bwana mwenye cheo, tena aliyetumwa na mfalme. Angeweza kudai aaminiwe hivihivi. Badala yake alijiweka mahali ambapo angeweza kuulizwa. Na aliyekuja kuuliza akawa mtu aliyeandika alichokiona na mahali alipokomea, asiongeze hatua hata moja. Angesema amepanda vipande vichache vya ngazi, nani angembishia? Kwangu, ushahidi wake una uzito kwa sababu hiyo hasa: anayekiri hofu yake mbele ya wakubwa zake hana sababu ya kutudanganya kuhusu ngazi.

Siku hizi tunamsifu anayefika. Anayeishia njiani hutakiwa awe na udhuru, au anyamaze. Naona tunapoteza kitu kikubwa, maana kazi za wanadamu hutegemea pia watu wanaoweza kusema bila aibu: hapa ndipo nilipofika, yaliyo mbele sikuyaona. Daktari anahitaji neno hilo, na mwalimu, na hakimu pia.

Ilipita miaka 342 kabla ya jabali kupandwa tena kwa kumbukumbu ya hakika. Mwaka 1834 mwenyeji wa huko, Jean Liotard, alimalizia sehemu ya juu peke yake, miguu mitupu. Mwaka 1878 chama cha wapanda milima cha Ufaransa kiliweka kamba za chuma kwenye njia ambayo sasa ni ya kawaida. Kwa mpandaji mzoefu njia hiyo si ngumu sana, lakini jiwe linalochomoka chini ya mguu wa aliye juu humwangukia aliye chini, kwa hiyo kofia ngumu ni lazima. Wengi huteremka kwa kamba kupitia korongo jembamba liitwalo Tubulaires. Tena kuna njia nyingine nyingi kwenye kuta, ngumu zaidi, za wale waliojifunza kazi hiyo vizuri.

Hata kwenye njia rahisi, wapo wanaotazama mvua ikija kutoka Vercors, wakageuka na kushuka. Wakifika bondeni wakaulizwa, waseme tu walipoishia.