Jina la Mhunzi



Katika nchi ya Upare watu wengi huitwa Mshana. Jina hili ni la ukoo, nalo lilitoka katika kazi. Maana yake ni mhunzi, mfua chuma. Mababu wa ukoo huo waliyeyusha chuma huko Ugweno kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe, visu na mikuki. Mapokeo yasema ya kuwa Washana ndio waliotawala Ugweno, hata Wasuya walipowanyang'anya enzi. Enzi ilipita, jina la kazi likabaki. Wajerumani nao wana Schmidt, na Waingereza wana Smith. Maana ni ile ile.

Lakini mhunzi hakutazamwa na watu wote sawasawa. Wachaga waliiogopa laana ya nyundo yake. Wamasai walimhitaji kwa mikuki, wala hawakukubali kuoana na wahunzi wao, Ilkunono. Basi jina la kazi moja huleta kiburi kwa huyu, hofu kwa yule, na dharau kwa mwingine.

Neno la Mungu lasemaje? Katika Isaya 54:16 twafundishwa ya kuwa hata mhunzi mbele ya moto wake ameumbwa na Bwana. Ikiwa Mungu amemwumba, ni nani atakayemdharau? Tena ikiwa yeye ni kiumbe tu, mbona tuiogope nyundo yake? Naye Paulo, katika 2 Timotheo 4:14, amtaja Iskanda mfua shaba, aliyemtendea maovu. Kazi ilikuwa njema, mtu akawa mbaya. Kwa hiyo jina la kazi halimwokoi mtu, wala halimhukumu.

Ninyi wazazi, kijana akija kuposa, msiulize kwanza ukoo wake. Ulizeni kama amcha Bwana, na kama mikono yake hufanya kazi. Nanyi waalimu, wafundisheni watoto maana ya majina yao, wapate kujua ya kuwa babu zao walikula kwa jasho lao. Aitwaye mhunzi akikaa bure barazani, jina lake mwenyewe lamshitaki.

Sisi sote tulibatizwa kwa Jina moja, la Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Jina hilo hatukulipata kwa kazi ya mikono yetu, bali kwa kazi ya Kristo msalabani. Mbele yake hakuna ukoo wa juu wala wa chini.

Bwana awabariki. Amina.