Umeambiwa umeshinda bahati nasibu: Ulicheza lini?

 

Ndugu Waislamu, miaka ya 2000, vijana wetu walipoanza kukaa kwenye vibanda vya intaneti, wengi walifungua barua pepe na kukuta wameandikiwa kuwa wameshinda bahati nasibu Uingereza au Hispania. Mamilioni ya dola yanawangoja! Sharti moja tu, watume jina kamili, namba ya akaunti na ada ndogo ya kuyatoa. Aliyetuma ada ya kwanza aliombwa ya pili, ikaitwa kodi. Akituma ya pili anaambiwa kuna ya mwanasheria. Zawadi haikufika hata siku moja, kwa sababu haikuwapo.

Leo mtego ule umehamia kwenye simu ya mkononi. Na siye tunaoishi mjini tusidhani sisi ndio tunaowindwa zaidi. Wanawindwa wazee wetu tuliowaacha nyumbani.

Mchukulie mzee wa Newala au Masasi. Mwaka mzima amepalilia mikorosho, amepulizia salfa, ameokota, amebangua kichwani hesabu za ada na deni la duka. Msimu unapofika, kuanzia Oktoba, korosho zinapelekwa chama cha msingi, zinaingia ghalani, zinapigwa mnada. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze katika korosho, msimu wa 2007/2008, kila mtu anajua kuwa kuna majuma ambayo fedha zinaingia kwa wakulima wa TANECU na MAMCU. Tapeli naye anajua. Hana haja ya kumjua mzee huyu kwa jina. Anatuma ujumbe kwa maelfu ya namba, akitaraji kuwa mmoja ataitika.

Watu wa Newala ya zamani wanajua maana ya ndoo ya maji. Juu ya ule uwanda maji yalikuwa ya shida, akina mama wakiteremka bondeni na kupanda tena mlima na mtungi kichwani. Nani aliyepanda mlima ule angemwaga maji yake kwa kuwa sauti asiyoijua imemwambia kuna kisima mbele? Basi fedha ya korosho ni maji yale yale.

Sasa tuitazame dini yetu inasemaje.

Kwanza, Mwenyezi Mungu (SW) katika Suratul Maida, aya ya 90, ameitaja kamari pamoja na ulevi na ibada ya masanamu, na akatuamrisha tujiepushe nayo. Na Mtume (SAW), kama walivyopokea Bukhari na Muslim, alifundisha kuwa hata mtu aliyemwita mwenzake waje wacheze kamari, atoe sadaka. Ikiwa mwaliko tu ni kosa la kutolewa sadaka, Muislamu anafurahia vipi kuambiwa ameshinda? Kama hukucheza, hukushinda. Kama ulicheza, mali hiyo si yako kwa sheria ya Mola wako. Swali hili moja, "nilicheza lini?", lingetosha kuokoa akiba ya nyumba nzima.

Pili, Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tukijiwa na habari na mtu asiyeaminika, tuichunguze kabla ya kutenda, tusije tukajuta. Tapeli kazi yake ni kukunyima nafasi hiyo ya kuchunguza. Ndiyo maana anakuharakisha: "Tuma sasa hivi, muda unakwisha." Ndiyo maana anakukataza usimwambie mtu. Ndiyo maana anataka namba yako ya siri, ambayo hata mtumishi wa kweli wa kampuni ya simu hana ruhusa ya kuiuliza. Ukiona haraka, siri na malipo ya kutangulia vimekutana mahali pamoja, jua hapo pana mwizi.

Tatu, tumefundishwa kuwa Muumini haumwi mara mbili katika tundu moja. Je, tumesahau DECI? Watu "walipanda" fedha ili wavune mara mbili au tatu bila jasho, mpaka mwaka 2009 Serikali ilipoisimamisha. Leo ni bahati nasibu, kesho ni ujumbe wa kukuita ujiunge na Freemason upate utajiri. Tundu ni lile lile, nalo ni tamaa.

Lakini hapa nataka tuambizane ukweli. Aliyetapeliwa mara nyingi hunyamaza. Anaona aibu, kwa kuwa akieleza itajulikana kuwa alitaka fedha ya haramu. Na sisi tunamcheka. Ukimya huo ndio ngao ya tapeli, maana jirani naye anaumwa wiki inayofuata. Anayejuta atubie kwa Mola wake, kisha aseme hadharani ili awaokoe wenzake. Maimamu wetu wampokee bila kumdhalilisha.

Hatua zipo. Usijibu. Usitume hata shilingi. Upeleke ujumbe huo na namba iliyoutuma kwenda 15040, namba iliyowekwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kwa kazi hiyo. Ukiwa umeshatuma fedha, piga 100 hapo hapo kwa kampuni yako ya simu, kisha nenda polisi; ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Na usitegemee kuwa usajili wa laini kwa alama za vidole umemaliza wezi. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Na wewe kijana unayetuma ujumbe huo, labda nawe ni mtoto wa Kiislamu, umekatazwa katika Suratul Baqara, aya ya 188, kula mali ya watu kwa batili. Mtume (SAW) ametuhadharisha juu ya mtu anayenyanyua mikono kuomba dua ilhali chakula chake na vazi lake ni haramu. Atajibiwa vipi?

Ndugu msomaji wa mjini, Ijumaa hii ukitoka msikitini, mpigie mzazi wako Masasi au Newala. Usiishie kwenye salamu. Muulize kama amepata ujumbe wa ushindi, na mwambie asitume fedha kwa yeyote kabla ya kukusikia wewe kwa sauti yako. Simu hiyo haikugharimu kitu, nayo ni katika kuwatendea wema wazazi.