Shukrani ya Mgonjwa Yapimwaje?

Mwaka 1979 wataalamu wa California, nchini Marekani, walitangaza maswali manane ya kumwuliza mtu aliyehudumiwa, hasa katika matibabu ya akili. Kila swali lina majibu manne ya kuchagua. Jumla ya alama haipungui 8 wala haizidi 32. Chombo hicho ni chepesi, nacho kimesafiri mbali. Lakini kutia mizanini jambo lililomo moyoni mwa mtu si sawa na kupima mahindi sokoni.

Na tukichukue tuingie nacho katika zahanati ya mashambani, tuseme huko Makueni. Mama amemleta mwanawe kwa mwendo mrefu wa miguu. Muuguzi atoaye dawa ndiye yule yule mwenye karatasi ya maswali mkononi.

"Umeridhika, mama?"

"Nimeridhika, daktari. Mungu akubariki."

Angejibu nini kingine? Mwezi ujao atazitaka dawa hizo hizo kwa mkono huo huo. Adabu yamfunga ulimi, na haja yalikaza fundo. Tena hana cha kulinganisha: aliyekuwa akimfunga mwanawe kamba nguzoni ataiona hata nusu ya haki kuwa fadhila. Alama zake zitafika 30, na wakubwa wa kaunti watazisoma kwa furaha.

Na huyo mwana je? Hapo ndipo penye neno zito. Mara nyingi huulizwa mama, naye mgonjwa ameketi kando kama mzigo ungojao kupokewa. Husemwa kwamba akili yake haiaminiki. Nakataa. Siku ya ukali wa ugonjwa asiulizwe, na angojewe. Lakini mtu aweza kusikia sauti zisizokuwapo, na bado akajua barabara kwamba alisukumwa, au kwamba dawa yamtetemesha mikono. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 chasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu cha afya kipatikanacho. Hakikuwatoa wagonjwa wa akili.

Kisha wako wale wasiomo kabisa katika hesabu, yaani walioacha kuja. Dawa ilikosekana mara mbili, nauli ikawashinda, wakabaki nyumbani. Atakaye kweli na amtume kwao mtu asiye wa zahanati, ajuaye Kikamba, aketi nao kivulini, asiulize, "Uliridhika?" bali, "Siku ile ilikuwaje? Nani alisema nawe? Dawa ulizipata?" Majibu ya namna hiyo hayajumlishiki upesi, na daftari litajaa kabla ya jioni.