Samli na Ajali

"Siku ikifika imefika," huniambia wifi yangu kila nikipunguza samli kwenye pilau. Kadari naiamini kama yeye, ila hoja yake siikubali. Mwenyezi Mungu aliyeandika ajali ndiye aliyeumba na sababu, na sababu hii twaijua inavyofanya kazi.

Mafuta yanayoganda, kama ya samli na nyama iliyonona, hulifanya ini lizembee kuondoa chembe za LDL kwenye damu. Chembe hizo, zikiwa zimebeba kolesteroli, hupenya ukuta wa ateri zikanasa humo. Chembe nyeupe za damu huja kuzila, zikavimba kwa mafuta, zikafia pale pale. Uvimbe hujengeka miaka na miaka bila maumivu. Ukipasuka, damu huganda juu yake, na mshipa wa moyo ukiziba, tunasema ajali. Mwaka 1913, mjini St Petersburg, mtafiti Nikolai Anichkov aliwalisha sungura kolesteroli, ateri zao zikajaa mafuta namna hiyo.

Mwili ni amana, na amana tutaulizwa tuliitunzaje. Kijiko ninachopimia samli, hata wageni wakiwepo, nakihesabu ibada.

Lakini wapo wenye kolesteroli ya juu kwa urithi, wale wasile. Kijana mwembamba, mfungaji sunna, huanguka kwa moyo. Kwake ibada ni kupima damu mapema na kumeza dawa yake ya kolesteroli, statini, kila siku. Anayemwambia ameyataka mwenyewe kwa ulafi anamdhulumu, na dhuluma hiyo naisikia sana matangani.